Fungate ya Kazi: Kwa Nini Vijana Wetu wa Dawa Huchoka Mapema

Wazee walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Vijana wetu wa Pwani waliosomea dawa hupelekwa mbali, na Eldoret ni mojawapo ya miji yenye kazi hiyo: iko Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na uko mpango wa AMPATH, ulioanza 2001 kuwatibu wenye ukimwi. Mwaka wa kwanza kijana husifu kila kitu, hata baridi. Mwaka wa tatu kila akipiga simu ni malalamiko, na mzazi humwona amedeka.

Mimi nasema asihukumiwe haraka. Mwaka 2005 Wendy Boswell na wenzake walionyesha, kwa kuwafuatilia mameneja, kwamba mtu akibadili kazi furaha hupanda, kisha hushuka. Ni fungate ya kazi, na fungate yetu asili yake ni siku saba tu.

Kwenye dawa sababu zinaonekana. Mwanzoni kila dawa ni somo. Baadaye ni kuhesabu vidonge vilevile, foleni haiishi, na dawa zikikosekana anayetukanwa ni aliye dirishani, wala si aliyechelewa kuagiza.

Mshahara nao una uzito wake. Wafamasia wamo pamoja na madaktari katika chama cha KMPDU, kilichogoma siku 100 mwaka 2016 hadi 2017, na siku 56 mwaka 2024, malipo ya wanagenzi yakiwa kiini cha mzozo. Lakini Frederick Herzberg alieleza tangu 1959 kwamba mshahara mzuri huondoa manung'uniko. Furaha yenyewe huletwa na kazi yenye maana, kutambuliwa na kukua.

Je, furaha hurudi? Utafiti wa 1996 kwa Waingereza zaidi ya 5,000 uliona kuridhika hushuka mpaka umri wa miaka 30 hivi, kisha hupanda. Ila tusidanganyike kuwa miaka pekee hutibu. Wengine huonekana wameridhika kwa sababu wamekata tamaa ya kupata zaidi, na waliochoka kabisa walishaondoka.

Kinachoinua ni kupewa jukumu jipya. Eldoret wanao mfano: kwa ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wafamasia huzunguka wodini na madaktari na rai yao husikizwa. Hapo mtu huona mgonjwa aliyepona, si chupa tupu.

Basi mzazi, usimwambie mwanao "acha kazi", wala usiishie kwenye "vumilia". Muulize anajifunza nini mwaka huu. Na waajiri wawabadilishe majukumu na kuwapa nafasi ya kusoma. Aliyechoka dirishani anaweza kusoma vibaya kipimo cha dawa, na atakayeimeza ni mgonjwa.