Kabla ya Kulipa Arubuni ya Safari ya Kuwinda Wapiti

Wapiti, ambaye Wamarekani humwita elki, ni mnyama wa jamii ya kulungu. Dume lake huweza kufikia kilo 300 na zaidi. Jimbo la Colorado lina wapiti wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, na kampuni za kuongoza wawindaji huko ni nyingi vilevile. Gharama ya safari huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na sehemu yake hudaiwa miezi mingi kabla ya msimu.

Sheria ya Colorado humtaka mwenye kampuni awe amesajiliwa na jimbo, awe na bima, na aweke dhamana ya dola 10,000. Tena humlazimu kumpa mteja mkataba wa maandishi unaotaja huduma, tarehe, usafiri, bei, idadi ya wateja kwa kila kiongozi, na utaratibu wa kurejesha fedha safari ikivunjwa. Usilipe arubuni kwa ahadi ya simu.

Kifungu cha kurejesha fedha kisomwe kwa makini kuliko vyote. Leseni nyingi hutolewa kwa bahati nasibu; maombi hufungwa mapema Aprili, na majibu huja wiki kadhaa baadaye. Mtoaji wa leseni ni jimbo, si kampuni. Ukiikosa, na mkataba uko kimya, huenda arubuni yako isirudi. Taka iandikwe wazi kwamba fedha zitarejeshwa, au zitahamishiwa mwaka unaofuata. Aidha, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye kwa kawaida hupaswa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji.

Wako watakaokuahidi kwamba hutarudi mikono mitupu. Mnyama wa porini hana mkataba na mtu. Anayekupa hakika hiyo mwulize kama wanyama wake wamo ndani ya uzio.

Uliza pia habari za nyama. Nani ataishusha mlimani, kwa farasi au mgongoni, na nani atamlipa mchinjaji? Sheria hukataza kuacha nyama ifaayo kuliwa iharibike. Katika kambi za bei nafuu, ambako mteja hupelekwa na kuachwa awinde mwenyewe, majibu hutofautiana sana.

Usajili wa kampuni huweza kuhakikiwa katika idara ya jimbo inayosimamia taaluma na biashara. Malalamiko hupelekwa huko huko, yakiambatana na nakala ya mkataba na stakabadhi za malipo.