Kiazi cha Mwanafunzi Mkimbiaji

(Muziki wa kufungulia unasikika, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wewe mwanafunzi unayekimbia mbio ndefu. Unaamka kabla ya jua, unakimbia, unachota maji, unawahi shule, na usiku unafungua daftari huku macho yanafumba yenyewe. Na wewe mzazi usiende mbali, maana chakula tutakachokitaja kinatoka katika sufuria yako.

Kukimbia ukiwa kambini si kupoteza muda. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilishiriki Michezo ya Olimpiki kule Rio de Janeiro, Brazil. Wanamichezo walikuwa 10, na 5 kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokuwa wakiishi katika kambi ya Kakuma, Kenya. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera ya timu siku ya ufunguzi.

Lakini miguu haiendi kwa moyo peke yake. Huenda umesikia wenzako uwanjani wakisema kwamba mkimbiaji wa kweli anakula viazi. Je, ni kweli? Tunazungumzia viazi mviringo, ambavyo wengine huviita viazi ulaya. Ni kweli kwamba vinasaidia, lakini kwa kazi yake maalumu. Kiazi ni chakula cha saa, si chakula cha siku. Tufafanue.

Unapokula wanga, mwili huugeuza kuwa sukari. Sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba ndani ya misuli na ini. Ukikimbia kwa kasi nzuri, akiba hiyo inaweza kukutosha saa moja na nusu, au zaidi kidogo. Ikiisha, miguu inakuwa mizito kama magogo, kichwa kinakuwa chepesi, na hata ukifika nyumbani huwezi kusoma. Ubongo nao unategemea sukari.

Kiazi kilichochemshwa ni laini, hakina mafuta, na wanga wake huingia haraka mwilini. Viazi viwili vya ukubwa wa ngumi vina wanga wa gramu 60 hivi. Vina pia potasiamu, madini ambayo misuli inayahitaji. Ukiongeza chumvi kidogo, unarudisha ile uliyoitoa kwa jasho.

Katika nchi tajiri, wakimbiaji hununua vipakiti vya sukari nzito ili wavinyonye njiani. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa waendesha baiskeli 12. Viazi vilivyopondwa viliwapa nguvu sawa na vile vipakiti. Tofauti ilikuwa kwamba viazi vilijaza tumbo gesi zaidi. Kwa hiyo usivijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Vijaribu kwanza siku ya mazoezi.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa, ndugu msikilizaji, tupange siku yako.

Siku za shule, ukikimbia nusu saa au dakika 40 alfajiri, huhitaji kiazi kabla. Chakula cha jana usiku na kikombe cha maji vinatosha. Kula baada ya kukimbia, kabla ya kwenda darasani. Hata uji ni mzuri.

Kiazi kiwekee siku ya mbio ndefu, tuseme Jumamosi. Saa nane na nusu mchana, chemsha viazi viwili. Vikate vipande vidogo na ufunike sufuria, ili viive haraka na kuni zisiishe bure. Saa tisa, kula. Usikimbie mara moja, kwa sababu tumbo linahitaji saa moja au moja na nusu. Saa hiyo usiipoteze. Ndiyo saa yako ya hesabu au ya kurudia somo la wiki. Soma mpaka saa kumi na nusu, jua linapopungua, ndipo utoke. Rudi nyumbani kabla ya giza, na msichana asikimbie peke yake njia za mbali. Hivi ndivyo kiazi kimoja kinavyofanya kazi mbili: kinaiandaa miguu huku wewe unasoma.

Chipsi usile kabla ya kukimbia. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na utayasikia kila hatua.

Chagua viazi vizuri. Kilichogeuka kijani au kilichochipua sana kina sumu, na kukichemsha hakuiondoi. Usikile. Viazi vibichi viweke mahali pakavu, penye giza na hewa. Vilivyopikwa vile siku hiyo hiyo, usiviache vilale kwenye joto.

(Kimya kifupi.)

MTANGAZAJI: Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Viazi hulimwa kwenye nyanda za baridi, kama Kisoro na Kabale nchini Uganda, Musanze nchini Rwanda, Nyandarua nchini Kenya na Njombe nchini Tanzania. Vikifika kwenye kambi ya joto, bei imepanda. Kijana anashawishika kubadilisha unga wa mgao apate viazi. Usifanye hivyo. Sehemu kubwa ya kiazi ni maji. Kilo moja ya viazi ina kalori 770 hivi, lakini kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori zipatazo 3,500, zaidi ya mara nne. Ukibadilisha kilo kwa kilo, umewapunguzia wadogo zako chakula, na wewe mwenyewe umejipunguzia.

Kama viazi havipatikani, usihuzunike. Ugali, viazi vitamu, muhogo uliopikwa vizuri au uji vinaijaza akiba ile ile. Na viazi havijengi misuli peke yake. Usiku, kula maharagwe.

Kama mgao umepunguzwa na nyumbani mnakula mara moja kwa siku, punguza kilomita. Hilo si uvivu. Ukiona unakonda, unapata kizunguzungu au unaumia mara kwa mara, mwili unasema chakula hakitoshi. Msichana, hedhi yako ikikatika, usidhani ni kawaida ya wakimbiaji. Pumzika, na uende kwenye kituo cha afya.

Mzazi, mtoto anayekimbia si kwamba ana ulafi akiomba kuongezewa. Zungumzeni pamoja muone sufuria inaruhusu nini.

Tukumbushane basi: viazi viwili, saa moja na nusu ya kusoma, kisha mbio. Unga ubaki kwa siku nzima, na kwa nyumba nzima.

Mweleze na mwenzako ambaye hakuwa na redio. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia.)