Kifurushi cha Bunduki Bandia si Mzigo wa Kawaida

Biashara ya vitu vilivyokwisha tumika imeenea duniani kote. Mtu aliyechoshwa na redio, kamera au baiskeli yake humtafutia mnunuzi wa mbali, akaifunga katika sanduku, akalipa nauli, na posta au kampuni ya vifurushi ikaifikisha. Miongoni mwa bidhaa zinazosafiri kwa njia hiyo zimo bunduki bandia zinazorusha gololi ndogo za plastiki, ziitwazo easofti. Muuzaji huziona kuwa ni vitu vya mchezo tu. Lakini je, kitu kilicho mchezo mahali pamoja hubaki kuwa mchezo kinapofika mahali pengine?

Kwanza ieleweke silaha hizi bandia ni kitu gani. Zilianza kutengenezwa nchini Japani katika miaka ya 1970. Sheria za huko hazikuwaruhusu raia wa kawaida kuwa na bastola, nao waliopenda zana za kijeshi wakatafuta cha kujifurahisha. Gololi yake ina upana wa milimita 6, na ile ya kawaida ina uzito wa gramu 0.20. Husukumwa kwa springi, kwa mota ya betri, au kwa gesi. Mwaka 2006 Japani iliweka mpaka kwamba nguvu ya gololi isifikie hata jouli moja. Risasi ya bastola halisi ya milimita 9 hutoka na nguvu ya jouli 500 hivi. Kwa kipimo hicho tofauti ni kubwa mno, ingawa hata gololi yaweza kupofua jicho. Hata hivyo tofauti hiyo imefichika ndani ya mtambo. Kwa nje, watengenezaji wengi hufanya kila juhudi kuifuta, hata umbo, rangi na uzito vikafanana na vya silaha yenyewe. Hapo ndipo penye chanzo cha matatizo yote.

Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, Uswisi, una mkataba unaozifunga nchi wanachama, Sudan Kusini ikiwemo tangu mwaka 2011. Mkataba huo unakataza kutuma vitu vya kulipuka na vya kuwaka. Unakataza pia mifano ya mabomu ya mkono na ya makombora, hata ikiwa haina baruti. Sababu yake si ngumu kuiona. Mfanyakazi wa posta anayeona umbo la bomu katika mashine ya kukagulia mizigo hana njia ya kujua kwamba ni la plastiki. Itambidi afunge ofisi na kuwatoa watu nje.

Kuhusu bunduki bandia zenyewe, kila nchi hujiamulia. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, iliharamisha kuwauzia walio chini ya miaka 18, na ikazuia uuzaji na uingizaji wa zile zinazofanana mno na silaha halisi, isipokuwa kwa watu wenye sababu inayotambuliwa na sheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1988, iliagiza bunduki za namna hii ziwe na alama ya rangi ya machungwa mdomoni. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hukihesabu kitu chochote chenye sura ya bunduki kuwa ni bunduki bandia, kiwe chaweza kurusha risasi au hakiwezi, na humtia hatiani anayekuwa nacho kwa nia ya kutenda uhalifu.

Si bunduki peke yake inayohitaji kuangaliwa. Gesi inayotumika katika nyingi ya silaha hizi ni propeni, ambayo ni jamii ya gesi ya kupikia, na mkebe wake hauruhusiwi kuingia katika barua za ndege. Betri za lithiamu nazo huweza kushika moto. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 haziruhusiwi kupakiwa peke yake kama mizigo katika ndege za abiria. Mtu anayezitumbukiza kimya kimya katika sanduku huhatarisha maisha ya watu wasiomjua wala kumkosea.

Sasa chukua mfano wa kifurushi kinachoelekea Gurei, upande wa magharibi wa mji wa Juba. Kikija kwa nchi kavu kutoka bandari ya Mombasa, hukatiza Kenya na Uganda, kikaingia Nimule, kikasafiri kilomita 192 za lami hadi mjini. Kila mpaka una maofisa wake na sheria zake. Tena nyumba nyingi za Juba hazina namba wala mtaa wenye jina ambalo tarishi angeweza kulifuata. Mzigo hufika kwa kupigiana simu. Dereva humkabidhi wakala, wakala humkabidhi kijana wa bodaboda, na kijana huyo huupeleka asijue alichobeba. Akisimamishwa usiku katika kizuizi cha barabarani na sanduku likafunguliwa, ni nani atakayejibu? Muuzaji yuko ng'ambo, mnunuzi yuko nyumbani kwake, na aliye mbele ya mtutu ni kijana aliyekuwa akitafuta riziki.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Juba iliumwa Desemba 2013, ikaumwa tena Julai 2016, mapigano yalipopamba moto katika maeneo ya Jebel na Gudele, huko huko magharibi. Mwaka 2016 nchi ilitunga Sheria ya Silaha, na tangu Julai 2018 Umoja wa Mataifa umeiwekea vikwazo vya kuingiza silaha. Askari anayelinda mji wa namna hiyo hawezi kutazamiwa asimame kupima jouli. Jambazi naye hahitaji bunduki inayoua ili apore. Yamtosha ile inayoogofya.

Hatari hii si ya nchi zilizopigana peke yake. Tarehe 22 Novemba 2014, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akichezea bastola ya gololi aliyoipata kwa rafiki yake. Ile alama ya rangi ya machungwa ilikuwa imekwisha ondoka. Aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda bastola hiyo ni ya bandia, lakini neno hilo halikuwafikia askari waliotumwa. Walipofika, mtoto alipigwa risasi katika muda wa sekunde mbili, akafariki siku iliyofuata. Bunduki bandia inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, maelezo ya muuzaji wa kwanza hayaandamani nayo, na alama ya usalama hupotea njiani.

Kwa hiyo basi, anayetaka kutuma bidhaa hii hana budi kuuliza kabla ya kufunga sanduku: je, nchi inayotoka, zile inazopita, na ile inayokwenda, zinairuhusu? Jibu na lipatikane kwa maandishi kutoka polisi na forodha. Pasipo ruhusa, isitumwe. Palipo na ruhusa, itolewe gololi na betri, gesi iachwe, alama ya rangi isiguswe, na mzigo ukabidhiwe mtu mzima mwenye kitambulisho, kwa sahihi. Katika fomu ya forodha iandikwe kwa jina lake. Orodha ya forodha ya dunia ina fungu la 9304 kwa bunduki za springi, hewa na gesi, na fungu la 9503 kwa vitu vya watoto kuchezea. Uamuzi wa fungu lipi litumike ni wa ofisa, si wa muuzaji anayetaka kukwepa maswali.

Faida ya kuuza bunduki bandia iliyokwisha tumika ni ndogo. Hasara yake, ikitokea, humwangukia mchukuzi au mtoto. Wenye kununua na wenye kuuza wanapaswa kulipima jambo hili kabla ya kulipa nauli, kwani tahadhari hutangulia hatari.