Jiwe la Ndarugu, Udongo Mwekundu na Saruji: Vifaa vya Ujenzi Ruiru na Thika

Kuta za nyumba nyingi kati ya Ruiru na Thika zimechimbwa katika ardhi ya eneo hilohilo. Karibu na Juja, kandokando ya mto Ndarugu, kuna machimbo ya jiwe lililotokana na majivu ya volkeno yaliyogandamana zama za kale. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mashine, na huuzwa kwa futi katika vipimo kama inchi 9 kwa 9 au 6 kwa 9. Mahitaji yake ni makubwa. Barabara Kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012, mashamba ya kahawa yakazidi kukatwa ploti, na sensa ya mwaka 2019 ikahesabu watu 490,120 mjini Ruiru.

Kwa mazingira, jiwe la Ndarugu lina faida tatu. Kwanza, halichomwi, kwa hiyo haliteketezi kuni kama tofali la tanuri. Pili, husafirishwa mwendo mfupi. Tatu, likikatwa kwa mashine huwa na nyuso zilizonyooka, na fundi hulijenga kwa mshono mwembamba na kuuacha ukuta wa nje bila plasta. Faida hii ya tatu ina uzito wa pekee kwa sababu hupunguza saruji.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto la nyuzi 1,450 hivi za selsiasi. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka kiwandani huachiliwa na mawe ya chokaa yenyewe yanapobadilika, wala si na moto unaoyachoma. Kubadilisha nishati ya kuchomea hakumalizi tatizo. Lazima saruji yenyewe itumike kwa kiasi. Njia mojawapo ni kutumia saruji iliyochanganywa na pozolana, majivu ya volkeno yanayoshika nafasi ya sehemu ya klinka, yaani zao la uchomaji huo. Nyingine ni kuchagua nguvu inayolingana na kazi: saruji ya daraja la 32.5 yatosha kwa mshono na plasta, nayo ya 42.5 iachiwe nguzo, mihimili na slabu.

Mchanga nao una gharama yake. Mito ya msimu ya Ukambani huhifadhi maji ndani ya mchanga wake, na mchanga ukizolewa kupita kiasi visima vya kando hukauka. Kwa kazi kadhaa, vumbi la mitambo ya kusaga kokoto ngumu laweza kuchukua sehemu ya mchanga huo.

Hata jiwe la karibu huacha jeraha. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, na katika machimbo ya Juja watu wamekufa maji. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka athari za uchimbaji zitathminiwe kabla ya kazi kuanza. Vipande na mabaki ya jiwe hufaa kujazia mashimo hayo, na udongo wa juu ukitengwa tangu mwanzo hurudishwa ili miti ipandwe.

Mahali penye udongo unaofaa, tofali la udongo la kufungamana hupunguza uchimbaji wa mawe. Udongo wa chini ya tabaka lenye mboji huchekechwa, huchanganywa na saruji ya takriban asilimia 5 hadi 10, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali halichomwi, hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku 7 au zaidi, halafu huachwa likomae. Kwa kuwa matofali hushikana yenyewe, mshono huhitaji saruji kidogo mno.

Kabla ya yote udongo hupimwa. Hujazwa ukiwa mbichi katika kisanduku chembamba cha mbao na kuachwa ukauke. Ukisinyaa sana, una mfinyanzi mwingi na huongezewa mchanga au saruji. Udongo mwekundu wa upande wa Gatundu mara nyingi huhitaji nyongeza hiyo. Udongo mweusi wa pamba, unaopatikana Juja Farm na sehemu za tambarare za Ruiru, haufai kabisa: huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hata msingi haupaswi kukaa juu yake. Huchimbwa na kuondolewa hadi tabaka imara.

Hivyo, uchaguzi hutegemea ploti. Nyumba ya ghorofa moja kwenye udongo uliopimwa na kufaa yaweza kujengwa kwa tofali la kufungamana. Kwenye udongo mweusi, jiwe la Ndarugu hubaki chaguo bora. Katika majengo marefu mzigo hubebwa na nguzo za zege, na hapo akiba ya saruji hutokana na hesabu sahihi za mhandisi, kwa kuwa nguzo nene kupita mahitaji ni saruji iliyopotea.