Msanii ni kioo cha jamii, lakini kioo amekishika nani?

Hebu vuta picha. Ni Jumamosi jioni, umejilaza kitandani na simu mkononi. Mdogo wako wa gredi ya nane anakuja mbio, anakuonyesha video aliyojirekodi akicheza kama staa fulani wa kike anayetamba siku hizi. Fulana ameifunga fundo juu ya kitovu. Macho ameyalegeza vile alivyoona staa akifanya. "Imeweza?" anakuuliza. "Ama niirudie?"

Utamjibu nini?

Wengi wetu hapo huanza kumlaumu staa. Eti wasanii hawa ndio wanaopotosha watoto. Eti msanii ni kioo cha jamii na hiki kimejaa uchi. Maneno hayo tumeyasikia redioni, kanisani, msikitini na hata kwenye matatu. Na si uongo kwamba picha hizo zina madhara, nitafika hapo. Lakini kabla hujamrushia dada wa watu jiwe, jiulize: kioo chenyewe kimeshikwa na nani?

Sare ya shule

Turudi nyuma kidogo. Agosti 1998, katika shule ya upili ya Venice mjini Los Angeles, Marekani, Britney Spears alirekodi video ya wimbo "...Baby One More Time". Alikuwa na umri wa miaka 16. Huenda hukuwa umezaliwa, lakini video hiyo unaijua: sare ya shule, shati limefungwa fundo, kitovu nje.

Britney mwenyewe amewahi kusema wazo la sare lilikuwa lake, kwa sababu lile aliloletewa mwanzoni aliliona la kitoto mno. Sawa. Msichana wa miaka 16 kutaka kupendeza si kosa. Nani kati yetu hakutaka?

Sasa tazama wakubwa walifanya nini. Aprili 1999 jarida la Rolling Stone lilimweka kwenye jalada akiwa amelala kitandani, sidiria nje, na mwanasesere wa kipindi cha watoto cha Teletubbies kwapani. Alikuwa na miaka 17. Aliyepiga picha ni mtu mzima. Walioichagua ni watu wazima. Albamu yake ya kwanza iliuza zaidi ya nakala milioni 20 duniani, na wengi walikula hapo. Lakini lile swali la "wewe ni mfano gani kwa watoto?" halikumfuata mhariri wala meneja. Lilimfuata Britney kila alikokwenda.

Mwaka 2003, mke wa gavana wa jimbo la Maryland alisema kwamba kama angepata nafasi ya kumpiga Britney risasi, angempiga. Tena aliyasema hayo kwenye mkutano wa kupinga dhuluma za nyumbani! Mtangazaji Diane Sawyer alimsomea Britney maneno hayo kwenye runinga, kana kwamba ni yeye aliyepaswa kujieleza.

Miaka mitano baadaye, mahakama ilimweka Britney chini ya usimamizi wa babake, maisha na mali. Usimamizi huo ulidumu miaka 13, hadi Novemba 2021. Piga hesabu mwenyewe: akiwa na miaka 17 aliuzwa kama mwanamke kamili, na akiwa na miaka 26 akaambiwa hawezi kujiamulia mambo yake.

Nani aliomba msamaha?

Ukidhani hayo yaliishia kwa Britney, mkumbuke Miley Cyrus. Kuanzia 2006 alikuwa kipenzi cha watoto kupitia kipindi cha Hannah Montana cha Disney. Mwaka 2008, akiwa na miaka 15, alipigwa picha na Annie Leibovitz, mmoja wa wapiga picha maarufu zaidi duniani, kwa ajili ya jarida la Vanity Fair. Alionekana mgongo wazi, amejifunika shuka kifuani. Wazazi walighadhabika, vyombo vya habari vikawaka moto.

Leibovitz alisema anasikitika kwamba picha imeeleweka vibaya. Aliyewaomba mashabiki radhi, kwa aibu, ni mtoto wa miaka 15. Miaka 10 baadaye, mwaka 2018, Miley aliandika kwenye Twitter kwamba anaufuta ule msamaha. Unaweza kumlaumu?

Basi pengine dawa ni kujifunika, au sio? Muulize Billie Eilish. Alianza kutamba akiwa kijana mdogo, amevaa manguo makubwa yanayoning'inia, na akaeleza kwamba hakutaka watu wapate nafasi ya kuujadili mwili wake. Wapi! Mwaka 2020 alipigwa picha barabarani akiwa na fulana nyepesi tu, mitandao ikaanza kumpima kama ng'ombe mnadani. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, alivaa kosheti kwenye jalada la Vogue la Uingereza, na baadhi ya waliokuwa wakimsifu kwa kujisitiri wakasema amewaangusha. Ajifunike, ajifunue, kesi ni ileile.

Na usidhani haya ni ya Wazungu tu. Hapo jirani Uganda, mwaka 2014, mwanamuziki Jemimah Kansiime, maarufu kama Panadol wa Basajja, alikamatwa kwa sababu ya video ya wimbo wake "Ensolo Yange". Alikuwa na miaka 21. Alikaa gerezani Luzira wiki tano chini ya sheria mpya ya kupinga ponografia, sheria ambayo vifungu vyake muhimu vilibatilishwa na Mahakama ya Kikatiba mwaka 2021. Walioitazama video hiyo mara tatu tatu wakiwa wamefunga mlango hawakulala rumande hata usiku mmoja.

Madhara yapo

Hapo sasa usinielewe vibaya. Sisemi picha hizi ni mchezo tu. Mwaka 2007 Shirika la Wanasaikolojia la Marekani lilitoa ripoti iliyohusisha picha za namna hii na wasichana kujidharau, msongo wa mawazo na matatizo ya kula.

Kuna jaribio moja ambalo mimi silisahau. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake waliwaweka wanafunzi wa chuo, mmoja mmoja, kwenye chumba chenye kioo kirefu. Wengine walivaa sweta, wengine nguo za kuogelea, kisha wakapewa maswali ya hisabati. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Wasichana waliovaa nguo za kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao wa sweta. Kwa wavulana, nguo haikuleta tofauti.

Yaani akili iliyopaswa kupiga hesabu ilikuwa imeshughulika kujikagua. Ukishazoea kujitazama kwa jicho la mtu mwingine, huhitaji hata huyo mtu awepo.

Hilo ndilo ninalomhofia mdogo wako. Siogopi kitovu chake. Naogopa asije akajifunza kwamba kazi yake ya kwanza duniani ni kutazamwa.

Basi umjibu nini?

Usimpokonye simu, wala usimtukanie staa wake. Atakuona mshamba, na kesho atarekodi ukiwa hauko. Mwambie ukweli: ngoma ameicheza fiti. Kisha muulize: "Ungekuwa peke yako, bila kamera, ungeicheza hivi?" Mpe nafasi afikirie. Muonyeshe kwamba nyuma ya video ya staa kuna mwelekezi, mtu wa taa, mtu wa vipodozi na filta, na kwamba nyuma ya video yake yeye hakuna wa kumlinda isipokuwa nyinyi wa nyumbani. Na kama kuna mtu mzima anayemwandikia inboksi akiomba "picha zaidi", hilo si la kunyamazia. Namba 116 ya kusaidia watoto haitozi hata senti.

Nawe kaka unayesoma hapa ukitikisa kichwa, nawe dada pia, fungua simu yako. Angalia wiki hii umempa nani laiki, na kwa nini. Yule msanii anayeimba vizuri akiwa amekaa na gita lake, ulimsikiliza hadi mwisho au ulimpita?

Wanaouza picha hizi hawasikilizi mahubiri yetu. Wanahesabu vidole vyetu.