Akili Mnemba na Ujumbe wa Mwajiri kwa Kila Mfanyakazi

Mawasiliano rasmi kati ya mwajiri na waajiriwa yamejengwa kwa miaka mingi juu ya waraka mmoja unaowahusu watu wote, ambao hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, husomwa na msimamizi kabla ya zamu kuanza, au hutumwa kwa barua pepe na, siku hizi, katika kundi la WhatsApp la idara. Mwandishi wa waraka wa namna hiyo hulazimika kumfikiria mfanyakazi wa wastani, na mfanyakazi huyo hayupo, kwa sababu mhasibu, dereva, mlinzi na mpishi wa taasisi moja hawalingani kwa mshahara, kwa saa za kazi, wala kwa lugha wanayoisoma bila taabu. Akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazotekeleza kazi zilizodhaniwa kuwa za akili ya binadamu pekee, kama vile kuelewa sentensi, kubashiri na kutunga maandishi, sasa inamwezesha mwajiri kumwandikia kila mmoja kivyake, akamtajia yanayomhusu na kumwondolea yasiyomhusu.

Manufaa ya jambo hili yanaonekana vizuri katika badiliko lililowagusa wafanyakazi wa Kenya mwezi Oktoba 2024, pale Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kwa kifupi kama SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF. Katika mfumo wa zamani makato yalipangwa kwa madaraja ya mshahara na hayakuzidi shilingi 1,700 kwa mwezi, ilhali mfumo mpya hukata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi bila kikomo cha juu. Waraka unaotaja asilimia hiyo peke yake huwa sahihi, lakini haumwambii mtu kile anachotaka kukijua. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 na chini ya mfumo mpya hukatwa 550, kwa hiyo amepata nafuu. Mwenye 40,000 amepanda kutoka 1,000 hadi 1,100. Na mwenye 100,000 ametoka 1,700 akafika 2,750. Watu hawa watatu wanastahili barua tatu tofauti, ya kwanza ya kuondoa hofu, ya mwisho ya kueleza sababu, na zote za kuwaonyesha namna ya kujisajili upya.

Kazi ya kutunga barua hizo ina hatua ambazo hazifai kuachiwa mashine ile ile. Hesabu ya makato ni kazi ya programu ya kawaida ya mishahara, ambayo hufuata kanuni na hutoa jibu lile lile kila inapoulizwa. Maandishi yanayoizunguka hesabu hiyo ndiyo yanayoweza kutungwa na modeli kubwa ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno hata ikaweza kukadiria ni neno gani linaelekea kufuata jingine. Aina hii ya programu ndiyo iliyofahamika kwa umma kuanzia Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ilipotoa ChatGPT. Kwa kuwa modeli hiyo hukadiria maneno, inaweza kuandika kiasi kisicho sahihi ndani ya sentensi iliyonyooka kabisa, na mfanyakazi anayeamini barua ya ofisi yake hatakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Mwajiri makini huchota tarakimu kwenye kumbukumbu zake za mishahara, huiachia modeli lugha tu, na humweka ofisa wa kuzisoma barua kabla hazijatoka.

Haki ya mfanyakazi kuelewa anachoandikiwa imetangulia teknolojia hii. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, na asipoyaelewa, mwajiri ahakikishe kwamba anaelezwa kwa namna anayoielewa. Pamoja na hayo, miongozo mingi ya kazi bado huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na kukabidhiwa watu wanaoishi na kufikiri kwa Kiswahili. Hapa akili mnemba ina kazi ya heshima, kwa kuwa inaweza kuugeuza mwongozo wa kurasa nyingi kuwa majibu mafupi kwa maswali ya mtu mmoja. Sheria hiyo hiyo humpa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na humtaka atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Mfanyakazi anayeweza kuuliza jambo hilo kwa simu yake usiku, akajibiwa papo hapo, hujua haki yake kabla hajaipeleka habari ya ujauzito wake kwenye meza ya ofisa yeyote.

Kiswahili cha mashine, hata hivyo, kinahitaji jicho kali. Modeli nyingi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na barua zake huweza kuwa na maneno ya Kiswahili juu ya mifupa ya lugha nyingine, zisizojua wapi paandikwe Ndugu na wapi Bi., wala kwamba mzee anayekaribia kupokea kiinua mgongo baada ya miaka thelathini ya utumishi haandikiwi kwa uchangamfu unaomfaa kijana aliyeajiriwa juzi.

Maneno yanayomlenga mtu mmoja yana nguvu juu ya moyo wake hata anapojua yametoka kwenye mashine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alichapisha maelezo ya ELIZA, programu ndogo iliyotafuta maneno fulani katika sentensi ya mtu na kumrudishia kwa umbo la swali, kama afanyavyo tabibu wa nafsi. Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi kadhaa, alipoijaribu alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Ikiwa programu isiyojua lolote iliweza kumvuta mtu kiasi hicho, barua inayojua jina la mfanyakazi, msiba wake wa mwezi uliopita na hamu yake ya kupandishwa cheo itamvuta zaidi.

Nguvu hiyo ikitumika pasipostahili huvunja imani, kama ilivyotokea Februari 2023 katika kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Vanderbilt, nacho cha Marekani. Baada ya mauaji ya risasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ofisi moja ya kitivo hicho iliwatumia wanafunzi barua ya faraja iliyokuwa na mstari chini yake unaosema kwamba maneno yametokana na ChatGPT. Wanafunzi walikasirika na ofisi ikaomba radhi. Walioandikiwa walikuwa wanafunzi, lakini hukumu yao inafaa kila mahali pa kazi: rambirambi, onyo na habari ya kupunguzwa kazi hutakiwa zitoke kwa mtu anayeweza kuulizwa na kujibu. Katika jamii ambayo msimamizi huhesabiwa miongoni mwa waombolezaji na hutarajiwa kufika msibani, rambirambi iliyotungwa na mashine ni utovu wa adabu, hata iwe na maneno mazuri namna gani.

Jambo zito kuliko yote ni taarifa zinazoifanya barua imlenge mtu. Ili ajue la kumwambia kila mmoja, mwajiri hukusanya alama za kazi ya kila siku: nani hufungua barua pepe saa ngapi, nani hukaa kimya mkutanoni, nani ameulizia habari za kuacha kazi. Mwaka 2020 kampuni ya Microsoft ilikosolewa vikali na watetezi wa faragha kwa sababu kipimo chake cha tija kiliwaonyesha wakuu wa taasisi matumizi ya kila mfanyakazi kwa jina, na mwanzoni mwa Desemba mwaka huo ikatangaza kuyaondoa majina. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi, kwani tangu tarehe 2 Februari 2025 sheria yake ya akili mnemba inapiga marufuku mifumo ya kubashiri hisia za watu kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Katika Afrika Mashariki, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 35 humlinda mtu dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Liko pia jambo ambalo sheria hizo hazijaligusa vya kutosha. Waraka wa ubaoni, pamoja na upungufu wake wote, ulisomwa na watu wote kwa maneno yale yale, na kwa hiyo waliweza kukaa pamoja wakaujadili, wakaupinga au wakaukubali. Kila mmoja akiletewa ujumbe wake, wa mmoja ukisisitiza nafuu na wa mwingine ukipunguza makali ya hasara, hakuna tena andiko la pamoja la kujadiliwa, na chama cha wafanyakazi kinapokwenda mezani hakijui wanachama wake wameambiwa nini. Kumwelezea mtu sehemu inayomhusu ni huduma. Kuugawanya ukweli ili watu wasiuone ukiwa mzima ni udanganyifu. Kwa hiyo ujumbe wa mtu mmoja unapaswa kuambatana daima na waraka kamili ulio wazi kwa wote, na mwajiri asitumie taarifa yoyote ambayo hayuko tayari kumwonyesha mfanyakazi mwenyewe.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wana nafasi ya kuyaandika masharti haya mawili katika mikataba ya hali bora wanayojadiliana na waajiri, na wasisubiri malalamiko ya kwanza ndipo waanze.