Mitishamba ya kumbukumbu: Mpime mzee kabla ya kununua chupa

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Mfanyabiashara wa mpakani huishi kwa kumbukumbu yake. Anayesafirisha nafaka kati ya Busia na Kampala hujua kichwani bei ya jana, deni la kila mteja na kiwango cha kubadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Uganda. Kwa hiyo mzee anapoanza kudai deni lililokwisha kulipwa, au kulipia mzigo mmoja mara mbili, familia hushtuka.

Wengine husema ni uzee tu, wengine hutaja uchawi. Wengi hununua chupa ya mitishamba wanayoambiwa inarudisha kumbukumbu.

Je, mmea unaweza kutibu usahaulifu? Wanasayansi wa ubongo hawalicheki swali hilo.

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Mojawapo ni asetilikolini, inayosaidia kujifunza na kukumbuka. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, seli zinazoitengeneza hufa na kemikali hiyo hupungua. Baadhi ya dawa za hospitali huzuia kimeng'enya kinachoivunja, ili kile kidogo kilichobaki kidumu zaidi.

Mbili kati ya dawa hizo zina asili ya mimea. Galantamini ilitokana na maua ya Ulaya yaliyochunguzwa Urusi ya Kisovieti na Bulgaria miaka ya 1950. Rivastigimini ilitengenezwa kwa kufuata kemikali iliyomo katika haragwe la Calabar, Nigeria.

Haragwe hilo ni sumu. Zamani, huko Calabar, mtu aliyeshukiwa uchawi alilishwa. Akifa, alihesabiwa kuwa na hatia. Leo dawa iliyotokana nalo hupimwa kwa miligramu. Hata hivyo, dawa hizi hupunguza dalili kwa muda tu, haziponyi.

Mfanyabiashara ataelewa somo hilo: bila mizani, huwezi kujua unauza nini. Chupa isiyo na kipimo haikuambii kama ndani mna dawa, maji au sumu.

Mimea mingine hufanya kinyume kabisa. Mnanaha, unaoota ovyo kando ya njia, una kemikali zinazoizuia asetilikolini. Mtu akiunywa huweza kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo. Hata baadhi ya vidonge vya mafua na mzio vinavyouzwa madukani huzuia kemikali hiyo, na huweza kuongeza usahaulifu wa mzee.

Hata mmea wenye sifa kubwa huweza kushindwa. Mwaka 2008, utafiti uliofanywa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 ulionyesha kuwa ginko, mmea maarufu wa Asia, haukuwazuia kupata ugonjwa huo.

Tena si kila usahaulifu ni Alzheimer. Msongo wa mawazo, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende na VVU huweza kuuleta, na yote hayo yana matibabu. Kampala ina mchango wake hapa. Mwaka 2005, watafiti wa Uganda na Marekani walitangaza kipimo kifupi cha kutambua athari za VVU kwenye ubongo. Mgonjwa hukumbuka maneno manne, hugongesha vidole kwa kasi na kufuatisha miondoko ya mkono. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine nchini Uganda ulionyesha kuwa akili za wagonjwa ziliimarika walipotumia dawa za kupunguza makali ya VVU.

Kwa hiyo anza na vipimo. Kwa aliye Kampala, hospitali ya rufaa ni mahali pa kuanzia. Chukua dawa zote anazotumia mzee, mitishamba ikiwamo, uzionyeshe kwa daktari. Mpime pia shinikizo la damu na sukari. Vyote viwili visipodhibitiwa huudhuru ubongo.

Kwa anayeuza mitishamba, bidhaa inayotangazwa kuwa dawa nchini Uganda iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Uliza kuhusu usajili kabla ya kuvusha mzigo.

Jambo la mwisho halihitaji daktari. Dalili zikianza, keti na mzee mapema, mbele ya shahidi, muandike nani anamdai na nani anadaiwa. Akisahau kabisa, deni ambalo halikuandikwa halitakuwa na wa kulithibitisha.